Kitabu Kimoja, Masikio Manne: Namna ya Kuisoma Diwani ya Kisasa

Kijana mmoja niliyemwazima diwani, yaani kitabu cha mashairi, kwa wiki nzima aliirudisha siku tatu hazijatimia. Aliifungua mbele yangu mahali patatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na shairi la beti saba, kila ubeti mishororo minne, vina vimepangana kama shanga. Wa pili ulikuwa na mistari sita, hakuna wenye urefu wa mwenzake. Wa tatu maneno yalishuka kama mtu anayeteremka ngazi, silabi moja huku, mbili kule. Akaniuliza, "Mzee, hiki kitabu kimeandikwa na mtu mmoja au watatu?" Nilipomwambia ni mmoja alicheka. "Basi huyu alikuwa hajaamua."

Nilicheka naye, lakini neno lile lilinikaa kichwani, kwa sababu wengi wetu ndivyo tunavyosoma. Tunaingia kitabuni na sikio moja tulilopewa darasani. Shairi likituingia vizuri tunasema ni zuri. Lisipoingia tunasema mtunzi hajui. Mimi naona mtunzi yule alikuwa ameamua kabisa. Kila shairi lilimjia na namna yake ya kutaka kusikilizwa, naye akaiheshimu. Kazi ya kubadilisha sikio ametuachia sisi, na kwa bahati mbaya ndiyo kazi ambayo hatukufundishwa.

Kidole na koo

Tulichofundishwa ni kuhesabu. Tuligonga dawati kwa kidole, silabi kwa silabi, nane huku na nane kule, jumla kumi na sita. Ukiwa na vina vya kati na vya mwisho, beti zako zikawiana, umetunga. Ukipungukiwa silabi moja, umetunga guni, na guni darasani ilikuwa aibu ya kuchekwa hadi kengele ya kutoka.

Kanuni hizo zimeandikwa, na mwandishi wake anajulikana. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja baadaye kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika huru, alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Jina lenyewe linaonyesha alichokifanya: kanuni mbele, mashairi yake nyuma, jalada moja. Kilikuwa kitabu cha msaada mkubwa, hasa kwa watunzi wa bara waliokuwa wakipeleka mashairi magazetini bila kuwa na malenga wa kuwafunda nyumbani.

Ila ushairi wa Kiswahili haukuanza mwaka huo, na kabla ya hapo haukuwa holela. Lamu, Pate na Mombasa watu walikuwa wametunga kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya vita, mapenzi, njaa na mambo ya sokoni, kwa mizani iliyonyooka, bila kitabu cha sheria. Alijuaje? Alijua kwa koo. Shairi lilikuwa la kuimbwa au kughaniwa, na mahadhi hayasamehe: mshororo uliopungua silabi unamwacha mwimbaji ananing'inia, na uliozidi unamkwaza. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Kosa lilisikika.

Kisha shairi likahamia kwenye karatasi. Likasomwa kimyakimya, tena na watu wasiojua mahadhi yake, na kilichokuwa kazi ya koo kikawa kazi ya kidole. Kanuni ikabaki, sababu yake ikasahauliwa. Nadhani mkanganyiko wetu mwingi umeanzia hapa.

Jambo jingine lililosahauliwa ni kwamba hata huko zamani tungo hazikuwa za aina moja. Shule ilichagua tarbia, ule ubeti wa mishororo minne, ikaufanya kama ndio ushairi wote. Utenzi una vipande vifupi vya mizani minane na unakwenda mbio, maana unabeba hadithi ndefu. Tumbuizo hazina idadi maalumu ya mishororo. Ibrahim Noor Shariff aliionyesha hazina hii katika Tungo Zetu, kitabu cha mwaka 1988, na anayekisoma huona haya kidogo kwa jinsi alivyokuwa akisema "ushairi wetu wa asili" huku akimaanisha tarbia peke yake.

Ugomvi tuliorithi

Msomaji wa leo, hata asiyeujua, anabeba mzigo wa ubishi wa miaka ya 1970. Upande mmoja walisimama waliosema kwamba shairi bila vina na mizani si shairi, ni maneno yaliyokatwakatwa. Upande wa pili walikuwa vijana, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Ebrahim Hussein, Euphrase Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi, Kulikoyela Kahigi. Hawa walisema vina na mizani ni vazi moja tu katika kabati la ushairi. Mulokozi na Kahigi walisisitiza kwamba roho ya shairi ni mpangilio wa maneno, lugha ya mkato, picha na sitiari, na kwamba jamii nyingi za Afrika Mashariki zina ushairi wa kale usio na vina kabisa.

Ubishi ule haukuwa wa sanaa peke yake. Ulikuwa pia wa nani mwenye Kiswahili. Mwaka 1971 ilitoka Malenga wa Mvita, yaani wa Mombasa, ya Ahmad Nassir, na mwaka 1976 ikatoka Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi. Yaweke majina hayo mawili sambamba kwenye rafu na nusu ya mjadala utaisikia bila kufungua kitabu. Mtu wa Mombasa aliyeukuta ushairi nyumbani kwa babu yake aliona anaporwa. Mtu wa Bukoba au Ukerewe, aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya pili akakipenda kwa moyo wote, aliona anazuiwa mlangoni.

Leo moto ule umepoa. Watunzi wengi hutunga kwa namna zote mbili bila kuomba radhi. Lakini wasomaji tumebaki na majivu yake: bado tunafungua diwani tukiuliza huyu ni wa mapokeo au wa usasa, kana kwamba jibu la swali hilo litatusaidia kulisikia shairi hata moja.

Bomba moja, tungo mbili

Badala ya kuendelea na nadharia, nimetunga vipande viwili juu ya jambo moja ambalo kila mtu wa mjini analijua. Havitashinda tuzo, lakini vitatufaa. Cha kwanza ni tarbia:

Bomba letu limekata, ndoo zalala uani,
Mtungi tunaufuta, vumbi limejaa ndani,
Mwenye gari anapita, auza maji mjini,
Bahari i mlangoni, sisi twalia na kiu.

Cha pili hakina vina:

Bomba limekohoa
mara moja
kama mzee anayetaka kusema jambo
kisha akaghairi.
Mama hakuondoa ndoo.

Kisome cha kwanza kwa sauti. Usikisome kwa macho, utakionea. Mishororo mitatu ya mwanzo inatembea kwa hatua moja: kati inaishia kwa *ta*, mwisho kwa *ni*. Sikio limeshazoea, limekaa mkao wa kungoja *ta* nyingine. Mshororo wa nne unakuja na *ni* katikati: kina cha mwisho kimevuka upande wa pili, mahali kilipokuwa kikikaa *ta*. Halafu mwishoni inatokea *kiu*, sauti ambayo haikuwamo kabisa katika ubeti. Sikio linajikwaa hapo, nalo limekwazwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo penye neno lenyewe. Ndiyo maana ya kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, katika ufundi wa zamani: panapogeuka sauti ndipo panapokaa jambo. Kama shairi lingekuwa na beti kumi na mshororo ule wa nne ukarudi kila mara, wasikilizaji wangeudaka kufikia ubeti wa tatu na kuuimba pamoja na mghani. Tazama pia anayesema: "sisi". Ni malalamiko ya mtaa mzima, ya kusemwa mbele za watu.

Sasa kile cha pili. Ukikighani kitakufa mikononi mwako. Kinataka sauti ya kawaida, karibu ya kunong'ona, na kinataka usimame kidogo kila mstari unapokatika. "Mara moja" imeachwa peke yake kwa sababu bomba lilikohoa mara moja tu, kisha kimya. Ule uwazi uliobaki kwenye ukurasa ndio kimya chenyewe. Hakuna "sisi" hapa. Yupo mama mmoja, na hatuambiwi anafikiri nini. Tunaambiwa tu kwamba ndoo hakuiondoa. Tarbia imelalamika, kipande hiki kimengoja.

Kipi bora? Swali hilo ni sawa na kuuliza kipi bora kati ya msumari na uzi. Ila ninaweza kuuliza kila kimoja kama kimefanya kazi yake, na hapo ndipo msomaji anapokuwa mkali kwa haki. Kuna tarbia mbovu na kuna shairi huru bovu, na kila ubovu una dalili zake. Sikiliza mshororo huu:

Jamani nawaambia, maji ni kitu muhimu

Hesabu. Nane kwa nane, hauna hata chembe ya guni, nao umekufa kama jiwe. "Jamani nawaambia" imeingizwa kujaza kipande, kama pamba kwenye mto. Mashairi mengi ya kishule yanaishi kwa pamba za namna hii: jamani, nawaeleza, enyi wenzangu, nakariri. Nikisoma tarbia ninazitoa moja moja kichwani kuona kinachobaki. Kwa shairi huru jaribio langu ni jingine. Ninaiunganisha mistari yote iwe sentensi ya kawaida na kuisoma. Kama hakuna kilichopotea, basi mtunzi alikuwa akibonyeza kitufe cha kushusha mstari bila sababu, na wapo wengi wa aina hiyo siku hizi, hasa kwenye simu.

Mapokeo yenye makali, usasa wenye mizizi

Vitabu viwili vilivyotoka karibu wakati mmoja vinafaa kuwaponya wanaodhani umbo la zamani hubeba mawazo ya zamani.

Cha kwanza ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kilichochapishwa mwaka 1973. Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Mashairi yale aliyatunga gerezani, mengi akiwa peke yake kizuizini, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kinaya hicho hakihitaji vina.

Mashairi ya kitabu hicho yamefuata kanuni kwa ukamilifu ambao fundi yeyote wa zamani angeusifu. Na bado ni vigumu kupata kitabu cha wakati ule kilichothubutu zaidi. Nadhani umbo lenyewe lilimsaidia: shairi lenye vina na mizani unaweza kulihifadhi kichwani bila karatasi, na mfungwa hajui karatasi yake itadumu hadi lini. Mshororo wa kwanza wa shairi lake Siwati ni huu:

Siwati nshishiyelo, siwati; kwani niwate?

Msomaji wa Dodoma au Lubumbashi ataguna. *Siwati* ni "siachi" kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. *Nshishiyelo* ni "nililolishika", lenye umbo la kale la kitenzi *shika* ambalo Kiswahili sanifu kimeliacha. Lakini kabla hujafungua kamusi, usome mara tatu kwa sauti. Utasikia mtu anayekataa, anayekataa tena, halafu anauliza kwa nini akubali. Ile *siwati* ya pili, fupi, iliyozingirwa na mkato na nukta mkato, ni ngumi mezani. Maana ya neno itakuja baadaye na kuthibitisha kile ambacho sikio limekwisha kujua.

Kitabu cha pili ni Kichomi cha Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kichomi ni yale maumivu yanayochoma ubavuni ukivuta pumzi, na hakika kitabu kiliwachoma wengi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na akafariki mwaka 2020. Katika utangulizi wake alieleza kwamba alitaka kuleta katika ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu huitumia kila siku. Waliomshambulia walisema ameiga Wazungu. Sikatai kwamba alisoma mengi ya ng'ambo. Lakini ukimsoma taratibu utaona ziwa, mitumbwi, wazee na hadithi zao. Mwendo wa mistari yake mara nyingi ni mwendo wa mtu anayesimulia jioni mbele ya nyumba, ambako hakuna anayehesabu silabi na bado kila mtu anajua msimulizi anaponyamaza kwa makusudi.

Basi yule wa "mapokeo" aliandika kitabu cha kuthubutu, na yule wa "usasa" akaturudisha kwenye kikao cha wazee. Ndiyo maana majina hayo mawili siyatumii tena nikiwa na diwani mkononi.

Lugha inayokataa kunyooka

Nirudi kwenye maneno magumu, maana ndiyo yanayowafukuza wengi. Katika diwani moja ya leo unaweza kukuta Kimvita, Kiamu cha Lamu, Kiunguja, Kiswahili sanifu na lugha ya vijiweni. Ukiona *mato* badala ya macho, *ndia* badala ya njia, *nti* badala ya nchi, umefika kaskazini mwa pwani. Mara nyingine mtunzi hutumia umbo hilo kwa kuwa ndiyo lugha ya mama yake. Mara nyingine, tukubali, amelitumia kwa sababu linampa kina anachokitafuta. Kufupisha neno, kulirefusha, kubadili herufi yake: hizi ni ruhusa ambazo washairi walipewa tangu zamani, kama mpishi anavyoruhusiwa kuonja.

Ila ufupisho nao una maana zake. Mwaka 2015 Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari aishiye Ujerumani, alishinda tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi kwa diwani yenye jina N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Mhariri mwenye haraka angeandika "Nina Kwetu". Ile koma ya juu imekula irabu moja, na kwa kuila imetuletea mdomo wa mtu wa kisiwani, anayesema kama wanavyosema kwao. Jina la kitabu linafanya kile linachokidai: ninako nilikotoka, na hata namna yangu ya kutamka inashuhudia.

Ushauri wangu kwa neno usilolijua ni kulipita mara ya kwanza. Diwani nyingi za pwani zina sherehe mwishoni, ile orodha ya maneno na maana zake. Itazame baada ya kusoma shairi zima. Anayekimbilia sherehe kila mshororo ni kama anayekula samaki kwa kutafuta miiba. Ataipata yote na hatajua samaki alikuwa na ladha gani.

Fumbo halina majibu ya mtihani

Hapa ndipo ninapogombana na mitihani yetu. Ukisoma majibu ya wanafunzi utadhani washairi wote wa Afrika Mashariki waliandika shairi moja refu, nalo linahusu ujenzi wa jamii mpya. Dhamira zinatajwa kama bidhaa za dukani: rushwa, matabaka, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya kweli. Si uongo, zimo. Lakini mtu akikwambia chakula kile kilikuwa na chumvi, mafuta na vitunguu, bado hajakwambia alikula nini.

Mfano ni shairi la Kimbunga la Haji Gora Haji, lililoipa jina diwani yake. Haji Gora alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akasoma chuoni kwa maana ya zamani, ile ya Kurani, na akafariki mwaka 2021. Shairi linasimulia kimbunga kilichoupiga mji wa Siyu. Mibuyu iling'oka, minazi ikanusurika. Majumba ya ghorofa yakaanguka, vibanda vibovu vikasalimika. Kila mwalimu atakwambia mibuyu ni wakubwa na minazi ni wanyonge, na kimbunga ni mapinduzi. Sawa. Lakini kaa na picha yenyewe kwanza. Umewahi kuuona mbuyu? Unene wake, kimo chake, namna unavyoonekana kama hautikisiki? Sasa uone umelala, mizizi juu, na kando yake mnazi mwembamba unapepea. Hicho kioja ndicho shairi. Siasa imo ndani yake, na pia yamo majaliwa, kiburi, hekima ya kuinama upepo unapokuja, na labda kicheko kidogo cha mtu wa kisiwa aliyeona dhoruba nyingi. Fumbo zuri linabaki na kitu baada ya kufumbuliwa. Likiisha lote katika jibu moja lilikuwa kitendawili cha watoto.

Pia kuna mashairi ambayo ni nusu ya mazungumzo, na diwani hutupa nusu hiyo moja tu. Utamaduni wa malumbano ni wa kale: Muyaka alikuwa akirushiana maneno na washairi wa upande wa pili katika uhasama wa Mombasa na Lamu, na kuanzia Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, watunzi wamekuwa wakijibizana magazetini wiki kwa wiki. Ukikuta shairi lenye hasira isiyoeleweka chanzo chake, au linalomwita mtu kwa jina la utani, huenda ni jibu kwa shairi ambalo halimo kitabuni. Hali hii inafanana na kumsikiliza mtu akizungumza na simu: unasikia upande mmoja, na unaweza kuutunga ule wa pili kwa kukisia. Ngonjera za Mathias Mnyampala nazo zina shida yake: zilitungwa zisimamiwe na kusemwa na watoto wawili au zaidi mbele ya wazazi, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu. Ukizisoma peke yako kitini zitaonekana zimekakamaa. Watafute wajukuu wawili.

Na yale maneno yanayoteremka ngazi? Kithaka wa Mberia wa Kenya ni miongoni mwa walioutumia sana ukurasa kama turubai, katika diwani kama Mchezo wa Karata ya mwaka 1997. Shairi la namna hii haliwezi kughaniwa wala kusomwa redioni likabaki zima, kwa kuwa sehemu yake ni mchoro. Linatazamwa kwanza. Ninakiri kwamba mengi ya aina hii hayanigusi; nikiona neno "tone" limeandikwa herufi moja chini ya nyingine huwa nasema haya, nimeona, maji yanadondoka. Lakini likipata sababu, mpangilio unasema kitu ambacho sauti haiwezi, na hapo inabidi mtu wa koo kama mimi anyamaze atazame.

Kwa hiyo ukiichukua diwani iliyochanganya yote haya, usianze ukurasa wa kwanza na kwenda hadi wa mwisho kama riwaya. Ifungue popote. Liangalie shairi kabla ya kulisoma: lina umbo gani, linapumua wapi? Lijaribu kwa sauti ya kughani. Likikataa, lijaribu kwa sauti ya mazungumzo. Likikataa tena, nyamaza na ulitazame. Soma mashairi mawili au matatu kwa siku. Ikiwa yana tarehe, zitazame, kwa maana shairi la mwaka wa njaa na shairi la mwaka wa uchaguzi yanaweza kutumia neno *mvua* kwa maana tofauti kabisa. Na usione vibaya kuruka. Yapo mashairi niliyoyaruka nikiwa na miaka ishirini yakaja kunikamata nikiwa na hamsini.

Vile vipande viwili vya bomba nilivisoma pia kwa shangazi yangu, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye taarabu na ambaye hajawahi kushika kitabu cha nadharia. Ile tarbia alinirudisha mwanzo mara mbili, na mara ya pili akauchukua mshororo wa mwisho kwa mahadhi yake mwenyewe, akitikisa kichwa, *sisi twalia na kiu*. Nilipomsomea kile cha pili hakusema kitu. Hakuomba nirudie, hakusifu. Akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Baada ya muda, wakati mimi nimeshahamia habari nyingine, akainua macho.

"Mwanangu," akasema, "na hayo maji yalikuja kutoka?"